Shemeji ana kesi mbili za jinai wilaya mbili, tarehe zinagongana. Ipi inatangulia, na nani anaamua?

#1 Mbande Kwetu

Wakuu, habari za jioni. Wanasheria na mliokwishapita mahakamani naomba msaada.

Shemeji yangu yuko mahabusu tangu mwaka juzi na ana kesi mbili. Moja ni unyang'anyi wa kutumia silaha, wilaya anayokaa. Nyingine ni wizi wa pikipiki wilaya ya jirani, kuna kijana alikamatwa huko akamtaja. Ya pikipiki ina dhamana na wadhamini tulishapeleka, lakini haimtoi kwa sababu ile ya silaha haina dhamana.

Balaa ni tarehe. Mwezi uliopita zote ziliangukia Alhamisi moja. Tukagawana, mimi nikaenda huku, dada akaenda kule. Huku hakimu akaambiwa mshitakiwa kapelekwa mahakama nyingine. Kule wakaambiwa hivyo hivyo. Jioni ndiyo tunajua hakutoka gerezani kabisa, kila upande ulidhani kachukuliwa na mwenzake. Zote mbili zikaahirishwa.

Kuna sheria inayosema ipi itangulie? Katiba ibara ya 107A inasema mahakama isicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Je, kuwa na kesi nyingine ni "sababu ya msingi"?

#2 Nundu

Naweka kiti mbele kabisa. Wasomi waje.

#3 Kijiwe cha Sheria

Pole mkuu. Jibu halitakufurahisha: hakuna kifungu kinachopanga foleni ya kesi mbili za mtu mmoja. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu kuunganisha mashitaka kwenye hati moja (kifungu cha 133 kwa namba za zamani, toleo jipya limehamisha namba) kama makosa yametokana na tukio moja au ni mfululizo wa makosa yanayofanana. Silaha huku na pikipiki kule, mashahidi tofauti, hayaungi. Unabaki na majalada mawili na mahakimu wawili, na hakimu wa wilaya moja hana ubavu wa kumwambia mwenzake wa wilaya nyingine asubiri.

Mwenye uwezo wa kuzipanga ni DPP, Mkurugenzi wa Mashitaka. Mashitaka yote mawili ni yake. Anaweza kuondoa moja, kuisukuma mbele, kuiacha ilale. Kwa hiyo usihangaike na hakimu, mwone wakili wa serikali.

#4 Afande wa Zamani

Kijiwe umeongea kama mtu asiyewahi kuona geti la gereza asubuhi.

Nimefanya kazi magereza miaka mingi. Anayeamua ipi inatangulia ni gari. Asubuhi tunashika orodha ya watu wa kwenda mahakamani, inatoka kwenye hati walizorudi nazo mara ya mwisho, kila hati ina tarehe. Mtu mwenye hati mbili za siku moja, mahakama mbili, barabara mbili, karandinga moja. Afisa wa zamu anamweka kwenye msafara wenye watu wengi. Kama wilaya ya pili ina mahabusu huyo mmoja tu na mafuta ni ya kugawana, haendi. Na siku karandinga likiharibika haendi popote, ndiyo yaliyomkuta shemeji yako.

Wala si roho mbaya. Anayeandika ile tarehe kwenye hati hajui kuwa mfukoni mwa huyu mtu kuna hati nyingine.

#5 Mama Chapchap

Afande basi mngekuwa mnapiga simu! Simu siku hizi kila mtu anayo!

#6 Afande wa Zamani

@Mama Chapchap kwa vocha ya nani?

#7 Karani Mstaafu

Nimekaa masjala na mbele ya mahakimu, ngoja niongeze kitu ambacho Afande hakukiona kwa sababu yeye alikuwa nje ya chumba.

Tarehe inapangwa namna hii. Hakimu anafungua shajara, anasema "tarehe ngapi?" Mwendesha mashitaka anataja tarehe yenye nafasi kwake. Wakili wa utetezi kama yupo naye anatazama yake. Mshitakiwa amesimama kizimbani, haulizwi. Na yeye mara nyingi ndiye mtu pekee chumbani anayejua kwamba tarehe 14 ana kesi pengine! Nimeona wachache sana wakinyoosha mkono na kusema "mheshimiwa, siku hiyo nina kesi nyingine". Aliyesema alibadilishiwa palepale.

Kwa hiyo Mbande, mwambie shemeji aseme. Anyooshe mkono kabla hakimu hajafunga jalada. Akishaandikiwa, kubadilisha ni barua na safari.

Sasa tofauti na mawakili: wakili akiwa na kesi mbili siku moja kuna desturi inayojulikana, mahakama ya chini inaipisha ya juu. Wakili akiitwa Mahakama ya Rufani anaandika barua, Mahakama Kuu inaahirisha. Akiwa Mahakama Kuu, hakimu wa wilaya anaahirisha. Hiyo foleni ipo na inaheshimiwa. Ya mshitakiwa sijaiona imeandikwa popote.

#8 Nundu

Wakili ana foleni, mshitakiwa hana. Nchi ngumu hii.

#9 Kijiwe cha Sheria

Karani umeongea vizuri, ila desturi hiyo inawagusa na washitakiwa. Mtu mwenye kesi ya mauaji Mahakama Kuu na ya wizi mahakama ya wilaya, ya wizi inapisha kikao cha mauaji. Kikao cha Mahakama Kuu kina fedha za mashahidi zilizotengwa na jaji aliyesafiri, ukikikosa unasubiri kingine. Kwa kesi ya Mbande zote ziko ngazi ya wilaya, ndiyo maana hakuna anayempisha mwenzake.

#10 Mzee wa Sakina

Mnazunguka sana. Mfano uko Arusha. Sabaya, yule aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Hai, alikuwa na kesi mbili pale pale, kwa wakati mmoja. Alifungwa miaka 30 kwa uhujumu uchumi huku nyingine inaendelea. Nani alipanga? Serikali ilipanga, ilianza na ile iliyokuwa tayari.

#11 Kijiwe cha Sheria

@Mzee wa Sakina miaka 30 ilikuwa ya unyang'anyi wa kutumia silaha, 15 Oktoba 2021. Uhujumu uchumi ni ile ya pili.

Mfuatano wake ni huu. Alikamatwa Mei 2021. Oktoba akahukumiwa kwenye ile ya kwanza. Mei 2022 Mahakama Kuu ikamwachia kwenye rufaa, lakini hakutoka, kwa sababu ya uhujumu ilikuwa bado inaendelea mahakama ya hakimu mkazi. Juni 2022 ile ya uhujumu nayo akashinda. Hakwenda nyumbani, kwa sababu alikuwa na nyingine Moshi. Hiyo ikaisha Oktoba mwaka huohuo kwa makubaliano na upande wa mashitaka.

Ukiitazama kila kesi peke yake, hakuna iliyochelewa kupita kiasi. Ukimtazama mtu, ni mwaka na zaidi ndani, na zile mbili za Arusha mwishowe hazikusimama. Swali la Mbande liko hapo hapo: saa inahesabu kesi au inahesabu mtu? Sheria yetu inahesabu kesi.

#12 Mzee wa Sakina

Sawa mwalimu. Lakini msimwonee huruma sana yule, sisi wa kaskazini tunajua.

#13 Nundu

Hapa tunajadili foleni, hukumu mmeshatoa?

#14 Ibn Shangani

Assalaam aleikum. Nyinyi mnazungumzia wilaya mbili. Sisi tulishuhudia nchi mbili ndani ya nchi moja.

Masheikh wa Uamsho, ile jumuiya ya kidini ya Zanzibar, walikamatwa Zanzibar 2012, wakafunguliwa kesi kwetu. Baadaye wakajikuta Bara, mahakama ya Kisutu, Dar, kwa mashitaka ya ugaidi. Zanzibar ina DPP wake, Mahakama Kuu yake, sheria zake za mwenendo wa jinai. Tunakutana Mahakama ya Rufani tu. Mawakili wakauliza muda wote, yanayodaiwa kutendeka Zanzibar yanasikilizwaje Dar? Wakati hoja hiyo inazunguka kutoka mahakama moja kwenda nyingine, kesi yenyewe haikuanza kusikilizwa. Wameachiwa Juni 2021, DPP kaondoa mashitaka.

Sasa ndugu yangu Kijiwe, kwa hesabu yako ya "kila kesi peke yake", hapo waliochelewa ni nani? Kesi ya kwanza ilikuwa na sababu, ya pili ilikuwa na sababu, rufaa zilikuwa na sababu. Sababu zote za msingi. Na watoto wamekua bila baba.

#15 Mbande Kwetu

@Ibn Shangani nimeisoma mara mbili. Asante sheikh.

Sasa swali kwa Kijiwe: si kuna kifungu cha siku 60? Polisi mmoja aliniambia baada ya siku 60 lazima waachie.

#16 Kijiwe cha Sheria

Kifungu cha 225 kwa namba za zamani. Mahakama ya chini isiahirishe kesi kwa jumla ya zaidi ya siku 60, isipokuwa upande wa mashitaka ulete hati ya kuomba nyongeza, kwanza ya mkuu wa upelelezi wa mkoa, zikiisha zinapanda ngazi hadi kwa DPP, na zote zisivuke miezi 24. Hati isipoletwa, hakimu aisikilize kesi au amwachie.

Ila soma na mlango wa nyuma. Kumwachia kwa kifungu hicho si kumfutia shitaka. Anaweza kukamatwa tena kwa kosa lilelile, na wengi wamekamatwa kabla hawajavuka geti la mahakama. Saa inaanza sifuri. Na kifungu chenyewe kinasema hakigusi makosa ya uhujumu uchumi ambayo ni ya Mahakama Kuu, na humo ndimo watu huozea.

Mwaka 2022 Bunge likarekebisha. Sasa kwa kesi za mahakama za chini mashitaka hayafunguliwi mpaka upelelezi ukamilike. Makosa makubwa yakabakizwa nje ya mlango huo. Yaleyale.

#17 Mwana wa Kolo

Mimi nilikuwa ndani kwa kosa ambalo sitalitaja humu, nilishinda. Nilikuwa na kesi mbili pia. Niwaambie kitu ambacho wanasheria hawasemi: mahabusu wengine HAWATAKI ziende haraka.

Kuna mzee tulikuwa naye, mjuzi kuliko wakili. Kila ikija tarehe ya kusikilizwa anaumwa tumbo. Siku ya kutajwa tu, isiyo na mashahidi, mzima kabisa, kachana nywele. Nikamuuliza. Akasema, "Shahidi wao mkubwa ni dereva wa lori. Dereva hakai mahali pamoja. Mwache muda umtafutie kazi Tunduma." Na kweli, mashahidi hawakupatikana, kesi ikafa.

Kwa hiyo haki ya haraka si ya kila mtu, inategemea umeshika karata gani.

#18 Nundu

Kachana nywele 😂😂 huyo mzee apewe wizara.

#19 Mbeba Boksi

Wakuu nimechelewa, nilikuwa zamu ya usiku. @Mwana wa Kolo hicho ulichosema kiko kwenye hukumu maarufu kabisa ya huku Marekani, Barker dhidi ya Wingo, 1972.

Kisa chake kinahusu foleni hasa. Kentucky, 1958, wazee wawili wameuawa, wanashitakiwa watu wawili, Manning na Barker. Serikali ina ushahidi mzito kwa Manning, mwepesi kwa Barker. Ikaamua imfunge Manning kwanza ili imlazimishe kuwa shahidi dhidi ya Barker. Manning akasikilizwa mara SITA. Mara wazee wa baraza hawakubaliani, mara rufaa inatengua, mara wanaanza upya. Muda wote huo kesi ya Barker inaahirishwa, mara 16 kwa jumla. Ikasikilizwa 1963, zaidi ya miaka mitano baadaye, akafungwa maisha.

Mahakama ya Juu ikasema haki ya kesi ya haraka haina idadi ya siku. Unapima manne: urefu wa kuchelewa, sababu, kama mshitakiwa mwenyewe alidai haki yake, na madhara aliyopata. Barker akashindwa! Kwa nini? Kwa miaka kadhaa ya mwanzo hakupinga maahirisho. Alikuwa anabahatisha kwamba Manning akishinda, na yeye ataponea hapo hapo. Sawa na mzee wa tumbo.

#20 Kijiwe cha Sheria

Hapo kwenye tatu, "alidai mwenyewe", ndipo Mbande asikilize. Kizimbani ukikaa kimya, baadaye wanasema ulikubali.

#21 Karani Mstaafu

@Kijiwe na ndicho nilichosema kwa lugha ya masjala. Anyooshe mkono.

#22 Simba wa Mbagala

Marekani kesi ikipita siku 70 unaachiwa. Trump mbona alikaa na kesi tano miaka miwili? Sheria ni za wadogo.

#23 Mbeba Boksi

@Simba wa Mbagala zilikuwa nne za jinai. Nyingine unazozisikia zilikuwa za madai.

Siku 70 ni sheria ya shirikisho ya 1974, haigusi mahakama za majimbo, na ina matundu: muda wa maombi ya mawakili, muda wa rufaa, muda ambao jaji anaona haki inahitaji, vyote havihesabiwi. Siku 70 zinaweza kuchukua miaka.

Lakini Trump ni mfano mzuri wa swali la uzi. Mwaka 2023 kashitakiwa New York mwezi wa tatu, Florida wa sita, Washington na Georgia wa nane. Majaji wanne, hakuna mkubwa wao wa pamoja. Washington Jaji Chutkan akapanga 4 Machi 2024. New York Jaji Merchan alikuwa na 25 Machi. Florida Jaji Cannon akasema 20 Mei. Chutkan alisema wazi mahakamani kwamba aliongea na Merchan juu ya tarehe hizo. Mbona mnaona majaji wanapigiana simu, Mama Chapchap alikuwa sahihi!

Ikatokeaje? Ya Washington ikasimamishwa Desemba 2023 ikisubiri rufaa ya kinga ya rais. Nafasi ikawa wazi, New York ikaingia, ikaanza 15 Aprili, 30 Mei akakutwa na hatia makosa 34. Ile ambayo watu wengi waliiona nyepesi kuliko zote ndiyo pekee iliyofika mwisho. Florida ikafutwa Julai 2024, Washington ikafutwa Novemba baada ya uchaguzi, Georgia ikafia 2025. Kwa hiyo nani alipanga foleni? Rufaa ilipanga.

#24 Mama Chapchap

Nilisema mimi.

#25 Simba wa Mbagala

Sawa nne. Lakini hoja yangu iko palepale, mwenye pesa ya mawakili anachagua foleni.

#26 Mbeba Boksi

Hilo sipingi. Ingawa Georgia kulikuwa na watuhumiwa 19 kwenye hati moja, na wawili wao walifanya kinyume, wakadai haki ya kusikilizwa haraka. Sheria ya jimbo ikambana jaji, akawapangia 23 Oktoba 2023 peke yao, miezi miwili tu tangu washitakiwe, wenzao wote wakabaki nyuma. Siku chache kabla ya kuanza, wote wawili wakakiri kwa makubaliano. Mkono walinyoosha, na waliusikia uzito wake.

#27 Mkisauni

Sasa wacha na sisi wa Mombasa tuseme. Mnaenda mpaka Georgia na hapa Shakahola iko jirani.

Mhubiri Mackenzie na wenzake, wanaodaiwa kuwafungisha waumini kwa njaa hadi kufa kwenye msitu wa Shakahola, walikaa ndani tangu Aprili 2023 bila kushtakiwa kwa vile vifo, polisi wanaomba siku juu ya siku kumaliza uchunguzi. Januari 2024 hakimu wa Shanzu akachoka, akakataa kuongeza na akawapa waendesha mashtaka siku 14, washtaki au watu waachiliwe. Ghafla mashtaka yakamiminika, kila mahali. Ugaidi, Shanzu. Kuua bila kukusudia watu 238, Mombasa. Ukatili kwa watoto, Tononoka. Februari, mauaji ya watoto 191, Mahakama Kuu Malindi. Washtakiwa karibu ni walewale, mahakama nne, pwani nzima.

Sasa mimi naona lile agizo la haraka ndilo lililozaa msongamano. Ukimbana mtu wa mashtaka kwa muda wa kushtaki, anashtaki yote kwa mkupuo, halafu foleni inahamia kwenye kusikilizwa. Katiba yetu ibara ya 50 inasema kesi ianze NA imalizike bila kuchelewa kusiko na sababu. Kuanza tumeweza.

#28 Ibn Shangani

@Mkisauni kwani ungependa wangeendelea kukaa bila mashitaka?

#29 Mkisauni

La hasha. Nasema tu ukiziba hapa maji yanatokea pale. Na mashahidi wa Shakahola wengine ni watoto, mtoto aelezee jambo lile lile mahakama ngapi?

#30 Mama Chapchap

Asante kwa kutaja mashahidi. Hamjawasema hata kidogo.

Mimi niliibiwa dukani, mwizi alikuwa na kesi ya kwangu na nyingine ya mtu mwingine. Kila nikipata samansi nafunga duka, napanda basi, nakaa kwenye benchi la mbao lililo karibu na choo, saa nane mchana karani anatoka anasema mshitakiwa yuko kwenye kesi nyingine, mje tarehe fulani. Posho ya shahidi wanasema jalada la fedha halijarudi. Siku ile ya mwisho sikuenda. Nikasikia kaachiwa kwa kukosa ushahidi. Sasa yule aliachiwa kwa sababu ya haki, au kwa sababu mimi nilichoka?

#31 Afande wa Zamani

Ulichoka. Na sikulaumu.

#32 Mzee wa Sakina

Kwani siku hizi si kuna video? Enzi za korona 2020 walikuwa wanasikiliza mahabusu wakiwa gerezani kwenye runinga. Alhamisi moja mtu anahudhuria wilaya mbili, asubuhi hii, mchana ile. Tatizo limekwisha, tufunge uzi.

#33 Afande wa Zamani

Video inasaidia kutajwa. "Upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine", dakika mbili mnamaliza. Ikija kusikilizwa, mshitakiwa aone kielelezo, amhoji shahidi, anong'onezane na wakili wake, runinga haitoshi. Na chumba kimoja chenye runinga moja, mahakama zote za mkoa zinakitaka asubuhi ileile. Foleni imehama tu kutoka kwenye karandinga.

#34 Kijiwe cha Sheria

Kuna jambo hatujaligusa: kwa nini ipi itangulie ni muhimu kuliko ipi iwe haraka.

Shemeji akipanda kizimbani kujitetea kwenye pikipiki, akasema "usiku ule nilikuwa mahali fulani na fulani", maneno hayo yameandikwa kwa kiapo. Yanaweza kumfuata kwenye ya silaha. Na akikutwa na hatia kwenye moja, anafika kwenye nyingine ana rekodi, hakimu ataitazama kwenye adhabu. Kwa hiyo wakili mzuri anaweza kutaka ile yenye ushahidi hafifu itangulie hata kama ni ya silaha, ili ile inayomfunga ndani ianguke mapema na dhamana ya pikipiki ianze kufanya kazi.

#35 Mbeba Boksi

Huku walishasema mshitakiwa hana haki ya kuchagua. 1922, mtu mwenyewe ni Ponzi, yule tapeli wa upatu mnaomjua. Alikuwa mfungwa wa shirikisho, jimbo la Massachusetts likataka kumsikiliza kwa mashitaka yake. Akapinga, akasema nyinyi hamnimiliki. Mahakama ya Juu ikamwambia hilo halikuhusu, serikali hizo mbili zikikubaliana kuazimana mwili wako zinaazimana.

#36 Simba wa Mbagala

Kumbe Ponzi alikuwa mtu! Nilidhani ni jina la biashara ya shangazi yangu.

#37 Nundu

@Simba wa Mbagala shangazi bado anapokea? Nina laki mbili.

#38 Mbande Kwetu

Wakuu mmenisaidia sana. Nimepata kijana wa msaada wa kisheria, leo tumepeleka barua mbili, moja kwa wakili wa serikali kama alivyosema Kijiwe, moja masjala ya ile ya pikipiki. Wakili wa serikali alitupokea vizuri, kasema hakujua kabisa kuna jalada lingine wilaya ya pili. Ni ofisi ileile ya DPP!

Karani, tarehe ijayo ya pikipiki imesogezwa wiki moja mbele. Shemeji ameshaambiwa anyooshe mkono.

#39 Karani Mstaafu

Vizuri. Barua zote mbili ziwe na muhuri wa kupokelewa kwenye nakala mnayobaki nayo. Bila muhuri hazijawahi kuandikwa.

#40 Mzee wa Sakina

Swali la kizushi. Tuseme zote mbili anakutwa na hatia. Vifungo vinakwenda pamoja au kimoja baada ya kingine?

#41 Kijiwe cha Sheria

Si la kizushi hata kidogo. Kwa Kanuni ya Adhabu, aliyekwisha kufungwa akihukumiwa kwa kosa jingine, kifungo cha pili kinaanza cha kwanza kikiisha, isipokuwa mahakama iseme vitumikiwe kwa pamoja. Hakimu wa pili asiposema, havikai pamoja. Na hakimu wa pili hana habari na wa kwanza mpaka mtu amwambie. Kwa hiyo nafasi ya kuomba iko kwenye kesi inayohukumiwa mwisho, iliyotangulia haina.

#42 Ibn Shangani

Na ule muda aliokaa mahabusu, unakatwa kwenye kifungo kipi?

#43 Afande wa Zamani

Sheikh, hilo fungua uzi wake. Nilikuwa naona wafungwa wanapiga hesabu hiyo ukutani kwa mkaa na hakuna wawili waliopata jibu moja.

#44 Kijiwe cha Sheria

Hakimu anatakiwa auzingatie wakati wa kutoa adhabu. Kwa kesi mbili, kila mmoja anaweza kusema mwenzangu atauzingatia. Nikipata nafasi kesho nitaweka maelezo marefu, sasa hivi naitwa chakula.

#45 Nundu

Kesi imeahirishwa mpaka kesho, wakili anakula ugali.